Bethdei za watoto tuzirudishe uani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako wawili ambao kwa wiki kadhaa sasa wanavutana katika safu hii kuhusu sherehe za kuzaliwa za watoto. Mmoja anasema ni uzungu na ufujaji, zikome. Mwenzake anajibu kwamba mwenye pesa zake asipangiwe. Nimewasoma wote mpaka nukta ya mwisho, na naona wanagombania sherehe ya watu wazima. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba bethdei ni sehemu ya riziki yangu. Mama akija na jora zima la kitenge, akataka gauni lake, la mtoto, shati la baba na madera ya mashoga zake, yote ya rangi moja, mimi huchukua futi nikaanza kupima. Siwezi kuwaambia watu waache sherehe, nitakula nini? Ila kwa kuwa nguo nazishona mimi, mara nyingi naalikwa, na nikialikwa naenda, na nikienda naona.

Mwaka jana nilimshonea mtoto wa kiume aliyekuwa anatimiza miaka mitatu suti yenye kizibao, bitana ndani, kila kitu. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni. Keki ilikatwa saa nne kasoro usiku. Katikati hapo palikuwa na utambulisho wa kamati, utambulisho wa ukoo wa baba, utambulisho wa ukoo wa mama, mama mtoto kuingia upya ukumbini kila alipobadilisha nguo, na emsii ambaye utani wake siwezi kuuandika katika gazeti linaloingia majumbani. Mtoto alikalishwa kwenye kiti cha enzi mbele ya spika mbili zenye kimo cha mlango, miguu haifiki hata ukingo wa kiti, viganja vimeziba masikio. Saa tatu akalala. Alipoamshwa akate keki alilia mpaka kizibao changu kikalowa, na picha zote za kulishana keki zimepigwa akiwa begani kwa shangazi yake, uso ameugeuzia ukutani. Watoto wenzake walikuwa viti vya nyuma kabisa na soda zao, wanaambiwa watulie.

Hiyo ndiyo sherehe anayoichukia msomaji wa kwanza, na ana haki. Lakini dawa yake ya kufuta kila kitu mimi siinywi. (Wapo majirani zangu ambao kwa sababu ya dini hawaadhimishi kabisa siku ya kuzaliwa. Hao sina neno nao. Nazungumza na sisi tunaofanya.)

Kitinda mimba wetu alitimiza miaka mitano mwishoni mwa Julai. Mama yake alimuuliza anataka bethdei ya nini. Tulitegemea atasema binti mfalme, kama wenzake wa chekechea, na mimi nilishaweka kando kipande kizuri cha neti ya waridi. Akasema anataka ya silikanti.

Mtaani kwetu yupo mzee aliyevua kwa jarife, ule wavu wa kunasia papa, enzi zake. Jioni watoto humzunguka barazani na yeye huwapa hadithi za bahari, za kweli na za kuongeza. Hii ya silikanti bahati nzuri ni ya kweli tupu. Kwa wasomaji walio mbali na pwani nieleze: huyu ni samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na madinosaria, miaka milioni 65 iliyopita hivi. Mwaka 1938 mmoja akanaswa na meli ya uvuvi Afrika Kusini, na mwanamke aliyekuwa akitunza jumba la makumbusho la mji wa East London, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona katika rundo la samaki na hakukubali atupwe. Ndiyo maana jina lake la kitaalamu ni Latimeria. Kwetu Tanga walianza kuingia kwenye majarife ya papa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazidi kuonekana, hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwenye pwani yetu hii mpaka upande wa Pangani.

Ni wa bluu iliyokolea, mwenye madoa meupe, na anaweza kukaribia mita 2. Mapezi yake yana vikonyo vyenye nyama na huyachezesha kwa zamu, la kulia na la kushoto, utadhani anatembea. Mchana hujificha mapangoni, kina cha zaidi ya mita 100, usiku hutoka kuwinda. Hatagi mayai, anazaa. Na anaweza kusimama kichwa chini mkia juu. Mtoto wa miaka mitano akishasikia hilo la mwisho, binti mfalme hana nafasi tena.

Hapo ndipo nilipoona faida ya bethdei yenye mada moja. Mada inakukatia shauri. Ukienda dukani bila mada unanunua kila kinachong'aa. Ukiwa na samaki mmoja kichwani, kila kitu unakiuliza kina kazi gani kwa silikanti, na kisicho na kazi kinabaki kwa mwenye duka. Tena mada itoke kwa mtoto, si kwenye simu ya mama. Nimewashonea watoto wengi mavazi ya katuni ambazo hawajawahi kuziona, wazazi ndio wameona picha mahali.

Wageni. Mama mkwe wangu, ambaye alifundisha chekechea, ana kanuni yake kwamba idadi ya watoto waalikwa isipishane sana na umri wa mwenye siku. Sisi tulialika wanane, kwa sababu Ngamiani huwezi kualika mtoto wa nyumba ya mbele ukamwacha wa nyumba ya nyuma kisha ukaombe chumvi kesho yake. Wengine watatu waliona samaki wa kitambaa niliyemtundika ukutani wakaingia wenyewe. Hao hawafukuzwi, chakula hupikwa kikiwa na ziada. Muda tuliweka saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Saa mbili zinatosha. Ukizidisha hapo, kwa umri huo, unachoongeza ni kilio. Mwenyewe alilazimishwa kulala mchana, akakataa, akalala.

Kadi za mwaliko zilikatwa kwenye maboksi ya viatu kwa umbo la samaki, zikapakwa bluu, na madoa aliyatia mwenyewe kwa kidole alichochovya kwenye unga wa ngano uliokorogwa mzito. Nyuma, mke wangu aliandika siku na saa, na chini yake: usilete zawadi, lete chupa tupu ya maji. Mstari huo ulizua maswali mtaa mzima. Mama mmoja alipiga simu kutaka kujua kama ni chupa ya maji ya chapa fulani. Tumezoea bahasha na kutunzana kiasi kwamba mtu akiambiwa aje mikono mitupu anahisi kuna mtego.

Sasa nifike kwenye mapambo, maana hapa ndipo nina utaalamu. Fundi yeyote wa mjini ana gunia la mabaki chini ya cherehani: bitana, tetroni, satini, vipande vya kila namna visivyotosha hata mfuko wa suruali. Na mabaki yaliyo mengi kuliko yote ni ya sare za shule ya msingi, bluu na nyeupe. Msomaji ameshanitangulia: rangi za silikanti ndizo rangi za sare ya shule. Sikununua hata nusu mita. Nilikata mwili wa bluu wenye urefu wa mita moja na nusu, nikaujaza mabaki mengine tumboni, nikaushona. Mkia wake una sehemu tatu, na ile ya katikati ndogo ndiyo inayomtambulisha, kwa hiyo ukiiacha umeshona samaki mwingine. Macho niliyafanya ya kitambaa, sikutia vifungo, kwa kuwa kifungo kikichomoka kwa mtoto mdogo safari yake ni mdomoni. Madoa meupe niliyakata mviringo, nikampa mwenye shughuli achague pa kuyaweka, mimi nifuate na sindano. Karibu yote yaliishia tumboni. Mgongo ulibaki mtupu. Kaka yake akataka kumrekebisha, mama yao akamkata jicho.

Bahari yenyewe ilikuwa vipande virefu vya bitana ya bluu na kijani vilivyoning'inizwa kwenye kamba za kuanikia nguo, uani. Julai kusi inavuma na ua wetu hauna kizuizi, kwa hiyo mawimbi hatukuhitaji kuyatengeneza. Saa saba mchana nusu ya bahari iling'oka ikaangukia kwa jirani, juu ya mpunga wake alioanika. Tuliirudisha kwa vibanio vya nguo, viwili kila kipande, na jirani tukampelekea sahani mapema kabla ya wageni.

Baluni hazikuwepo, na hili najua litawashangaza wengi maana siku hizi bethdei bila baluni watu hawaioni kama bethdei. Baluni likipasuka, kile kipande cha mpira kikiingia kooni kwa mtoto mdogo kinaziba hewa, na kukitoa si rahisi. Likipeperushwa likafika baharini, kasa hudhani ni chakula. Sikuona namna ya kufanya sherehe ya samaki kwa kitu kinachoua viumbe wa baharini, na binti yangu nilipomweleza habari ya kasa alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Badala yake tulitungia uzi vizibo vya soda, vikawa vinagongana kwa upepo.

Kilichovuma kuliko vyote ni pango. Meza yangu ya kukatia nguo, ambayo ni ndefu na imara, tuliitoa uani tukaifunika mablanketi na kanga nzito mpaka chini. Ndani, giza. Kwenye kona ya mwisho tuliegemeza silikanti mdogo wa boksi mwenye madoa ya ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti za biskuti. Mtoto anapewa tochi, anaingia akitambaa, dada yao mkubwa yuko ndani anamsubiri kwa utulivu, na mwanga ukigonga madoa samaki anatokea ghafla gizani. Waliingia wakarudia wakarudia tena, betri zikaanza kufifia. Mmoja, mtoto wa fundi baiskeli, alikataa katakata kuingia. Hakulazimishwa wala kuchekwa. Mke wangu alimteua kuwa mlinzi wa pango, mwenye kuamua nani anafuata. Alikaa mlangoni na fimbo mpaka jioni, na sijaona ofisa mwenye haki kama yule.

Michezo hatukubuni mipya. Ule mchezo wa nyama nyama kila mtoto wa nchi hii anaujua: anayeongoza anataja mnyama, wengine wanaruka na kuitikia "nyama!" kama analiwa, na akitajwa asiyeliwa, aliyeruka ametoka. Tuliugeuza uwe wa samaki. "Changu!" wanaruka. "Nguru!" wanaruka. "Kolekole! Tasi! Kibua!" wanaruka. "Paka!" na hapo nusu yao wako hewani. Lakini hakuna aliyetolewa. Kumtoa mchezoni mtoto wa miaka mitano ni kumwalika alie, kwa hiyo aliyekosea alikwenda kumgusa samaki ukutani akarudi. Na kiongozi akisema "silikanti," wote wanaweka viganja chini na kuinua mkia juu. Wazazi waliokuwa mkekani walicheka mpaka wakaziweka simu zao chini.

Katikati ya mchezo mtoto mmoja akauliza, sasa silikanti mwenyewe ni nyama au si nyama? Mchezo ukasimama. Ikabidi aitwe mzee wa majarife kutoka barazani kwake. Akaja na bakora yake, akasema halikuwa kosa la wavuvi, samaki aliingia mwenyewe wavuni, na walioonja walijuta kwa sababu nyama yake ni ya mafuta mengi, inakupeleka chooni. Watoto walifurahia jibu hilo kwa namna unayoweza kuikisia. Kwa siku mbili neno chooni lilitajwa nyumbani kwetu kuliko chakula.

Zile chupa tupu ndizo zilikuwa kazi ya mikono. Kila mtoto alijaza yake mabaki ya bluu na nyeupe, mimi nikafunga mkia wa satini kwenye shingo ya chupa na kukaza kizibo, na macho yakachorwa kwa kalamu ya wino mzito. Kazi ya robo saa hivi, na ndiyo pekee iliyowakalisha wote kimya. Ndiyo pia ikawa zawadi ya kuondokea, badala ya vile vifuko vya pipi na filimbi ambavyo mzazi mwenzako akifika navyo nyumbani anakulaani.

Chakula alisimamia mke wangu na mama yake, na mimi nilifukuzwa jikoni, kwa hiyo naeleza nilichokiona kupitia dirishani. Keki ilipikwa kwa makaa, sufuria pana, moto kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Tanuri la umeme hatuna na halikuhitajika. Keki ya mviringo inageuka samaki kwa kisu kimoja: unakata pembetatu mbele, pale panakuwa mdomo, na pembetatu uliyoitoa unaibandika nyuma inakuwa mkia. Juu ilipakwa siagi na sukari ya unga iliyotiwa rangi ya bluu, na madoa yakawa ya nazi iliyokunwa. Jicho, zabibu kavu. Ile keki ya ghorofa ambayo nusu yake ni boksi lililopakwa sukari naiachia kumbi.

Palikuwa na katlesi za jodari, samaki amechambuliwa miba na mikono miwili tofauti kwa usalama, na viazi vya kukaanga. Machungwa tunayo, Julai ni msimu wa Muheza na yanamwagika sokoni Mgandini. Yalikatwa vipande vinne kila moja na kupigwa tanga la jani la mchungwa, yakawa ngalawa. Karanga nzima hatukuweka, kwa wadogo huwa zinawapalia. Cha kunywa kilikuwa ukwaju. Na ule mtindo wa kumwagia mwenye siku yake ndoo ya maji, tena siku hizi na mayai na unga, tuliupiga marufuku kabla hata ya wageni kufika. Vijana wa mtaa waliokuwa wameshajaza ndoo waliambiwa wakamwagilie mchicha.

Gharama. Unga, mayai, siagi, sukari, rangi, samaki, mafuta, viazi, machungwa na ukwaju havikufika shilingi 60,000. Niliuliza bei ya ukumbi mmoja wa wastani kwa ajili ya kulinganisha nikaambiwa laki tatu na nusu, viti na muziki mbali. Simaanishi kwamba kazi yetu ilikuwa ya bure. Mke wangu angeshika kalamu, ungepata barua ya pili yenye hesabu ya usiku aliokosa usingizi. Na hapa niseme neno na akina baba wenzangu. Tumejizoesha kutoa pesa asubuhi na kutokea wakati wa keki tukiwa tumepiga pasi. Boksi unaweza kulikata. Tochi unaweza kuishika. Mimi nina bahati kwamba kazi yangu ni kitambaa, lakini seremala angetengeneza dau, na dereva wa bodaboda angewaleta wageni wawili wawili akiwa amefunga mapezi kwenye usukani, na watoto wangelikumbuka hilo kuliko emsii yeyote.

Maneno hayakukosekana. Kesho yake nilisikia kwamba fundi amefulia, ndiyo maana hakupiga hata spika. Mteja mmoja alinihurumia waziwazi akanilipa deni lake la tangu Idi, kwa hiyo sherehe ilinipa faida ambayo sikuipangia. Wenyeji wa Tanga tuna msemo kwamba waja leo waondoka leo. Wale watoto saa kumi na moja na nusu ilipofika walijificha pangoni wote, na ilibidi mlinzi mwenyewe aamriwe awatoe.

Ningeishia hapo, Mhariri, ila kuna jambo la shule. Chekechea nyingi siku hizi zina utaratibu wa bethdei darasani, na mzazi anapewa orodha: keki ya kilo kadhaa, katoni za soda, kifuko cha zawadi kwa kila mtoto, na kitu cha mwalimu. Shule moja nisiyoitaja ilimwambia mteja wangu kwamba kama orodha haijakamilika, basi mtoto asherehekee nyumbani. Mama yule aliuza kitenge alichokuwa ameniletea nimshonee. Mtoto ambaye mama yake hana hata kitenge cha kuuza, siku yake inapita darasani kimya huku ameshawaimbia wenzake mwaka mzima, na kwa umri huo hawezi kuelewa kwa nini.

Pendekezo langu kwa wakuu wa chekechea na kamati za wazazi ni hili. Iwepo sherehe moja, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kwa watoto wote waliozaliwa mwezi huo. Kila mzazi wa darasa alete matunda anayoyaweza, hata ndizi tatu. Mada iwe moja na darasa zima liitengeneze kwa mikono wiki hiyo: mwezi huu samaki, mwezi ujao treni, Muheza wafanye machungwa, Lushoto wafanye kinyonga, maana wanao wa kila aina katika milima ile. Mwalimu anapata somo la wiki nzima ndani yake, kuhesabu madoa, kutaja rangi, kukata na kubandika. Keki ya dukani na vifuko vya zawadi vikatazwe kwa wote, mwenye nacho na asiye nacho, ili asionekane nani ni nani. Mwenye kutaka ukumbi jioni aende zake ukumbini, na suti nitamshonea.

Na kwa mzazi yeyote wa Ngamiani au jirani ambaye siku ya mwanawe imekaribia, gunia la mabaki ya bluu na nyeupe bado lina zaidi ya nusu. Apite barazani kwangu Jumamosi kabla ya adhuhuri achukue anachotaka bila malipo. Aje na mkasi wake mwenyewe wa kukatia maboksi. Wangu ni wa kitambaa na siuazimishi kwa mtu.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga